Mwaka Nilipokuwa Daftari la Ziha

Msichana aliyeingia chumba changu cha sindano Jumanne ile alikuwa amekanyaga msumari sokoni. Ni mfanyabiashara wa Bukavu, huja huku Nyakarenzo kununua maharage na ndizi za kuvusha mpaka. Nilimwambia apandishe mkono wa blauzi nimchome sindano ya pepopunda. Akapandisha, na pale begani nikaona kapu la sambaza, dagaa wa ziwa letu, lililochorwa kwa nukta tupu, bila mstari hata mmoja, nukta nyingi upande wa chini na chache upande wa juu, hata wale samaki wa juu kabisa walikuwa karibu hawapo. Sindano ikabaki hewani. Mimi ni mtawa, na mtawa anayekaribia miaka hamsini hatazamiwi kuitambua kazi ya mchora tatuu mara moja, kama mtu anavyotambua mwandiko wa dada yake. Lakini niliitambua. Kapu lile lilikaa kwenye mkono wangu wa kushoto juma zima, msichana huyu akiwa hajazaliwa.

“Nani alikuchora hii?” nilimuuliza.

“Ni Papa, Masera,” alijibu kwa Kiswahili cha Bukavu, ambamo ndiyo ni njo na mtawa ni Masera. “Njo ilikuwaka kazi yake, kule Bujumbura, kisha Uvira.”

“Na sasa iko wapi, Papa yako?”

“Alishakufa, Masera. Mwezi wa tatu. Sukari njo ilimuua.”

Nilimpa pole, nikamchoma, nikamfunga mguu, nikamwambia asiulowanishe siku tatu. Akanishukuru kwa kuwa na mkono mwepesi, akaenda zake kutafuta maharage. Nilifunga mlango nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa, na wagonjwa wenyewe wakasubiri nje wakidhani ninasali. Labda nilikuwa nasali, sijui. Niliona tu dirisha lile la nyuma ya saluni pale Kamembe, ziwa likiwa jeupe chini ya mawingu, na kisiwa cha Nkombo kikitokea na kupotea.

Masista wa nyumba yetu walikuwa na desturi moja ambayo wengine waliicheka. Ukija kubisha hodi una miaka ishirini na mmoja kama mimi, umevaa sketi ndefu na moyo unawaka, hawakufungulii. Wanakupa chai, wanakuuliza mawili matatu, halafu wanakurudisha ulikotoka. Nenda ukakae na watu mwaka mmoja, wanakuambia. Fanya kazi, pika, gombana, cheka, kisha urudi utuambie kama bado unataka. Mama Mkuu aliuita mwaka wa kukaa na batu. Mimi niliuona kama adhabu, kwa sababu nilikuwa na kiburi kile cha watu wanaojiona watakatifu mapema. Nilihesabu miezi yake kama mfungwa. Nikapata kazi ya kuosha nywele katika saluni ya Maman Neema, mjane mnene mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa anaimba katika kwaya ya parokia na kujua habari za kila nyumba kutoka kituo cha basi mpaka daraja la mpakani. Alinipa chumba, akanipa godoro, na siku ya kwanza kabisa akanipa onyo, akichomeka Kifaransa kama kawaida yake: “Espe, hapo nyuma kuko Ziha. Anachoraka bantu. Usimuogope, mais usimuzowee.”

Chumba cha Ziha kilitengwa na saluni kwa turubai la bluu. Ndani mlikuwa na kiti cha gari kilichong'olewa kwenye Toyota fulani, kikafungwa juu ya mbao; meza; jiko dogo la mkaa; na dirisha. Jina lake lote lilikuwa Zihalirwa, mtu wa kabila la Washi kutoka upande wa pili wa mpaka, mwembamba, mpole mno kwa kazi ya kutoboa watu. Alikuwa anavuka asubuhi na kurudi Bukavu jioni kabla mpaka haujafungwa. Mashine yake alikuwa ameiunda mwenyewe: mota ya redio ya kaseti, kijiko kilichokunjwa kuwa mpini, bomba la kalamu ya bic, na waya wa gitaa uliosuguliwa kwenye jiwe mpaka ukawa na ncha. Nyaya hizo alizichemsha katika sufuria, kila mteja na waya wake mpya. Leo, kama muuguzi, nikikumbuka sufuria ile nywele zinanisimama, kwa maana ndiyo hiyo hiyo tuliyochemshia chai. Lakini nataka kusema ukweli kwamba hakuna mtu aliyewahi kurudi na mkono uliooza.

Wateja wake walikuwa wachache na wote waliingia kwa mlango wa nyuma. Mji ulikuwa hautaki tatuu. Mle saluni niliwasikia wanawake wa biashara wakisukwa na kuhukumu, huku mimi mikono yangu ikiwa ndani ya povu.

“Binti yangu akileta muchumba wa tatuaje, nafunga mulango.”

“Na kama iko Yesu kwa mukono?”

“Yesu hakuombaka bamuchore kwa mukono.”

“Eh, mais pasta wetu iko nayo moja pa kifua. Alichoraka mbele ya kuokoka.”

“We! Uliiona wapi, kifua ya pasta?”

Hapo saluni nzima ililipuka, na Maman Neema akaangusha kitana. Upande wa pili wa turubai nilisikia Ziha naye akicheka kimya kimya, pumzi tu, na nilijikuta nacheka pamoja na mtu nisiyemwona. Nadhani ndipo kulipoanzia. Baadaye mchana tulikula pamoja, sisi watatu, kwenye benchi la nyuma: bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo huo huo, na sambaza waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni. Ziha alimla samaki kuanzia mkia. Nilimuuliza kwa nini, akasema kichwa ndicho kitamu, na kitamu hakikimbiliwi.

Tatizo lake lilikuwa kwamba alijua kuchora namna moja tu, herufi. Majina ya akina mama, majina ya watoto, herufi zenye mikia kama zile zinazoandikwa ubavuni mwa boti na malori. Alitaka kujua namna nyingine zote. Alikuwa na kurasa kama ishirini za jarida la Kizungu zilizonyeshewa mvua, zimeshikana, ukizifungua zinatoa harufu ya ghala, na ndani yake mlikuwa na migongo na mikono ya watu wa mbali iliyochorwa kila aina ya mchoro. Alizisoma picha zile kwa kidole. Lakini karatasi, alisema, haikumtosha.

“Karatasi haifundishe muntu,” aliniambia Jumamosi moja, Maman Neema akiwa kwaya na saluni imefungwa. “Karatasi haina mufupa, haitokake jasho. Unipatie mukono, Espe. Nitachora na bic tu. Utanawa.”

Nilimpa wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa wa kufanyia ishara ya msalaba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza wakati ule. Akaondoa waya wa gitaa kwenye mashine, akaacha ndani ya bomba mrija wa wino wa bic peke yake, akawasha mota. Kalamu ikatetemeka juu ya ngozi yangu kwa mlio wa nyuki aliyenaswa kwenye glasi, bila kutoboa kitu, na mimi nikatazama ziwani nisimtazame yeye. Ilichukua saa mbili. Alipomaliza, kulikuwa na moyo wenye mipaka minene myeusi, upanga umeupitia katikati, na utepe mtupu usio na jina. Nilishusha mkono wa sweta nikaenda kuanika taulo.

Kila Jumamosi ikawa hivyo. Nilikuwa daftari lake. Mwezi wa mistari minene ulifuatiwa na mwezi wa mstari mwembamba, ule ambao hauruhusu kosa kwa sababu hauna mahali pa kulificha. Alinichorea tawi la mkaratusi kwa mstari mmoja usiokatika, na alishikilia pumzi mpaka nikaogopa atazimia. Kisha nyeusi tupu, pete nene kuzunguka kiwiko, nikatembea siku sita nikihisi mkono umekuwa mzito. Kisha nyuso. Alinakili picha ya pasipoti ya mjomba wake, na mjomba huyo akatoka na jicho moja kubwa, akakaa nami juma zima akinishangaa kila nilipooga. Nukta zilikuja mwisho, mwezi wa nane au wa tisa. Kwa nukta Ziha akajipata. Hakuwa anachora tena, alikuwa anasubiri kitu kitokee chenyewe, kama kisiwa kinavyotokea kwenye ukungu asubuhi: unaangalia weupe, unaangalia, halafu unagundua kwamba umekuwa ukiangalia miti.

Na niliota alichochora. Sijawahi kumwambia mtu haya, hata baba muungamishi, kwa kuwa sikujua niyaweke katika dhambi gani. Juma la tawi niliota natembea Butare kwenye mashamba, na mistari ya matuta ilikuwa inaendelea mkononi mwangu bila kukatika. Juma la kapu la sambaza niliota samaki wanaingia kwa kidole cha mwisho na kutokea begani, baridi, wepesi, wala sikuogopa. Niliamka nikitabasamu. Katika misa mchoro ulikuwa chini ya mkono wa sweta, nikainua sauti yangu pamoja na wengine, na kila tulipofika kwenye neno la kujitoa lilinijia swali: wewe unajitoa kwa nani hasa? Kufika Ijumaa wino ulikuwa umefifia, nikaumalizia kwa sabuni na jiwe la mguu. Maman Neema hakuwa mjinga.

“Espe, sabuni iko inaisha. Unanawaka nini hivyo?”

“Nywele za batu, Maman.”

“Mm. Nywele za batu, mpaka kwa kiwiko.”

Nilimpenda. Ninaliandika wazi kwa kuwa sasa haliwezi kumuumiza mtu. Hakuwahi kunishika zaidi ya mkono ule, na mkono alikuwa anaushika kama fundi anavyoshika ubao, kwa uimara na bila kupapasa. Lakini alipomaliza hakuwa anauachia mara moja, na mimi sikuuvuta. Mwezi wa kumi na moja aliniambia binamu yake wa Bujumbura amepata mashine ya kweli na chumba chenye umeme, na anamwita. Hakuniomba nimfuate. Alisema tu kwamba chumba kina madirisha mawili. Nami nilikuwa nimebakiza majuma matano kurudi kwa masista. Kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi kuyaeleza na magumu kuyabeba: ama Bujumbura na Ziha, ama nyumba ya masista. Mimi, niliyekuwa nimehesabu miezi kama mfungwa, nikaanza kuomba mwaka usiishe.

Kosa lilitokea Jumamosi ya mvua. Mteja mmoja, dereva wa lori, alikuwa ameondoka muda si mrefu na jina la mamaye kifuani. Ziha alitoa ule waya uliotumika akautupa, akachemsha mwingine kwa ajili ya Jumatatu, na kwa mazoea ya mkono akauweka ndani ya bomba badala ya mrija wa bic. Wala hakuona. Tulikuwa tunazungumza juu ya madirisha mawili. Akachovya wino kwa mazoea yale yale, akawasha mota, akavuta mstari wa kwanza chini ya kiwiko changu, na mimi nikapiga kelele. Urefu wa kidole gumba, basi. Damu ikatoka vijitone kama shanga. Tulibaki tunautazama mstari ule mweusi ambao sabuni haitauondoa, mvua ikipiga mabati.

“Espe,” alisema, na uso ulikuwa umempauka. “Espe, niko nimekuharibu.”

Alikuwa anajua, kama nilivyojua, kwamba kabla ya kupokelewa wasichana walipimwa na daktari wa masista, kichwa mpaka unyayo. Alisema anaweza kuumalizia. Mstari mmoja unaweza kuwa mwanzo wa kitu chochote, alisema: shina la ua, mguu wa ndege, herufi, ukingo wa uso. Nichague namna. Nikamwambia auache. Nilimfariji, nikajifunga pamba mimi mwenyewe, nikaenda chumbani kwangu, na huko, niseme ukweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Maana sasa sikuwa na la kuamua. Masista watauona mstari, watatikisa kichwa, watanirudisha kwa upole, na mimi nitapanda basi la Bujumbura nikiwa sijamkosea Mungu wala mtu. Nilimshukuru Mungu kwa lile kosa, na nilimshukuru kwa dhati.

Nilikwenda kwa Mama Mkuu majuma mawili kabla ya siku yenyewe, nisingoje daktari. Sebule yao ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda, chai ya maziwa, na ndizi ndogo tamu kwenye sahani. Nilimweleza yote, saluni, turubai, Jumamosi, hata jina la Ziha na madirisha ya Bujumbura. Kisha nikakunja mkono wa sweta nikauweka mezani kati ya chai na ndizi. Alivaa miwani. Aliusogeza mkono wangu kwenye mwanga, akaupitisha kidole.

“Njo hii tu?”

“Ndiyo, Mama.”

“Nilizani umechora simba.” Akavua miwani. “Espérance, miye niko na imanzi toka hapa mpaka hapa.” Alionyesha juu ya kanzu, kutoka chini ya maziwa mpaka kitovuni. “Nyanya yangu alinikata na wembe, akapakala masizi na majani. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Alisema bila ile sitaolewa.” Akanitazama. “Unaona vile ilinisaidia.”

Alicheka peke yake, kwa sababu mimi sikuweza. Kisha alichovya kidole katika chai akanichorea juu ya plastiki, katikati ya machungwa na mananasi, zile safu za imanzi alizobeba miaka hamsini: vijimistari vifupi vimelala, vimepangwa, vinashuka kama ngazi, na pembeni nukta, nukta kama za Ziha. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yote niliyoiona mwaka ule. Chai ikaanza kukauka, na yeye akaipangusa kwa kitambaa.

“Daktari akiuliza, umuambie ni makosa ya kazi. Kale kamustari hakatakufunga mulango, na hakatakufungulia. Sasa nani anakukatalia?”

“Hakuna, Mama.”

“Basi sema weye.”

Chai yangu iliweka utando. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimekuja kufukuzwa, na mwanamke huyu hakutaka kunifukuza. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima hapakuwa na mtu wa kusimama mbele yangu, si Maman Neema na maonyo yake, si kwaya, si daktari, na nilipojitazama ndani bila mtu wa kunizuia nikakuta kwamba ninampenda Ziha na kwamba nitakuja kukaa katika nyumba hii. Yote mawili yalikuwa pale. Moja halikulifuta lingine. Nilisema, kwa sauti ndogo, nataka kuingia.

“Na ule kijana,” alisema akinisogezea ndizi, “uende umuambie weye mwenyewe, kwa kinywa. Usimutumie barua.”

Ziha alikuwa anafunga vitu katika katoni. Turubai lilikuwa limeshushwa, na chumba bila turubai kilionekana kidogo sana. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Aliendelea kukunja waya wa umeme, taratibu, mpaka ukaisha.

“Walikuona mustari?”

“Waliona.”

“Kama bangekukatala, ungenifwata?”

Ningeweza kumdanganya. “Ndiyo,” nilisema. “Ningekufuata.”

“Mais hawakukatala.”

“Hapana.”

“Donc, basi, hakuna mutu anakuzuia.”

“Hakuna.”

Akakaa juu ya katoni. “Ingekuwa muzuri kama angekuwako,” alisema. “Ningepata mutu wa kukasirikia.”

Nilikwenda mezani. Mashine ilikuwa bado haijafungwa, na katika sufuria kulikuwa na waya mmoja uliochemshwa. Niliupitisha ndani ya bomba kama nilivyomwona akifanya mwaka mzima, nikachovya wino, nikamwambia akae kwenye kiti.

“Unafanya nini, Espe?”

“Kaa, Ziha.”

Akakaa. Nilimshika mkono wa kushoto, nikauweka juu ya goti langu, nikawasha mota, na mtetemo ukaniingia mpaka kwenye meno. Mstari ulitoka mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni, na katikati ukapinda pale nilipokumbuka kuvuta pumzi. Hakushtuka hata kidogo. Nilipozima, alijifuta damu kwa pamba, akauleta mkono dirishani, akautazama kama alivyotazama kazi zake zote, kichwa kikiwa upande.

“Ni mubaya sana,” alisema.

“Nitengeneze?”

“Hapana. Usiguse.” Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo. “Njo kitu ya kwanza unafanya hapa bila kuomba mutu ruhusa.”

Nikalia mbele yake, bila kujificha uso, na bado nikaondoka.